Diski moja, wageni wengi: jinsi ya kugawana hifadhi ya seva bila kuharibu kumbukumbu

Tuchukue mfano wa kituo cha afya wilayani Kibondo chenye seva moja, iliyowekwa kwenye chumba kidogo nyuma ya mapokezi. Ndani ya seva hiyo inafanya kazi mifumo mitatu: wa kusajili wagonjwa, wa stoo ya dawa, na wa kuhifadhi picha za eksirei. Kila mfumo umetengewa kompyuta yake, ila kompyuta hizo tatu huwezi kuzishika kwa mkono. Ni kompyuta pepe, na zote zinaishi ndani ya seva ile moja.

Daktari anaomba picha za eksirei zionekane kwenye jalada la mgonjwa bila kuhama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Fundi anafikiri: picha zipo kwenye diski, na diski ipo hapa hapa, kwa nini nisiiunganishe na kompyuta pepe ya wagonjwa pia? Anaiunganisha. Picha zinaonekana, kila mtu anafurahi, na fundi anapanda basi kurudi Kigoma mjini. Siku ya tatu baadhi ya picha zinafunguka nusu. Siku ya tano picha ya mguu wa mtoto inatokea kwenye jina la mzee. Siku ya saba diski haifunguki kabisa.

Kituo hicho tumekitunga, lakini kosa lenyewe ni la kweli, na mafundi wa kompyuta duniani kote wanalijua. Linatokea kwa urahisi kwa sababu mwanzoni linafanana kabisa na mafanikio. Na kwa wilaya kama Kibondo na Kasulu, ambako ofisi inaweza kuwa na seva moja tu na mtaalamu wa kuifufua yuko mbali, ni vyema kuelewa kinachotokea humo ndani kabla hakijatokea.

Mwenyeji na wageni

Seva ya kisasa ina nguvu kuliko mahitaji ya mfumo mmoja. Badala ya kununua seva tatu, kuzilipia umeme mara tatu na kuzitafutia vyumba vitatu, ofisi hununua moja na kuigawa. Programu inayofanya mgawanyo huo mafundi huiita haipavaiza. Majina utakayosikia ni VMware, Hyper-V, KVM, Proxmox na VirtualBox. Seva yenyewe huitwa mwenyeji, na kila kompyuta pepe iliyomo huitwa mgeni.

Kiswahili kimetupa hapa maneno mazuri. Mgeni anapewa chumba, anapewa kitanda, lakini haoni nyumba nzima. Mgeni wa kompyuta naye anapewa sehemu ya kumbukumbu, sehemu ya kichakato, na kitu anachoambiwa ni diski. Mara nyingi kitu hicho ni faili moja kubwa tu ndani ya diski ya mwenyeji. Mgeni hajui hilo. Anaamini ana diski yake mwenyewe, na anaamini kwamba hakuna mwingine anayeigusa. Imani hiyo ya pili ndiyo chanzo cha matatizo yote tunayoyaeleza hapa.

Wazo lenyewe ni la zamani. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa kampuni ya IBM mjini Cambridge, Massachusetts, walitengeneza mfumo wa kugawa kompyuta moja kubwa kwa watumiaji wengi, kila mmoja akiona kana kwamba ana kompyuta yake. Mwaka 1972 IBM iliutangaza mfumo uitwao VM/370 uliorithi kazi hiyo. Diski ilikatwa vipande vidogo na kila mtumiaji akapewa chake. Mtu aliweza kuomba kipande cha mwenzake kwa kusoma tu, au kwa kusoma na kuandika, na ilikuwepo hata ruhusa ya watu wengi kuandika kwa wakati mmoja. Ruhusa hiyo ya mwisho ilikuwa ya hatari tangu siku hizo, kwa sababu hiyo hiyo inayoisumbua seva yetu ya Kibondo.

Ramani mbili za kiwanja kimoja

Ili kuelewa hatari, fikiria ofisi ya ardhi. Ofisa ana ramani ya viwanja: hiki kimegawiwa, hiki ni wazi. Akija mwombaji, anatafuta kiwanja kilicho wazi, anakigawa, anaweka alama. Sasa fikiria maofisa wawili, kila mmoja ametoa nakala ya ramani asubuhi, kisha wakakaa vyumba tofauti kutwa nzima bila kuzungumza. Kila mmoja ni mwaminifu na anafanya kazi yake sawasawa. Jioni, kiwanja namba 40 kina wamiliki wawili. Mtu aliyewahi kukaa baraza la ardhi anajua kesi ya namna hiyo inavyokula miaka.

Diski inafanya kazi hivyo hivyo. Imegawanywa katika vipande vidogo vingi, na ipo ramani inayoonyesha kipande gani kimetumika, kipande gani ni wazi, na faili gani liko kwenye vipande gani. Ramani hiyo na kanuni zake ndiyo tunayoiita mfumo wa mafaili. Kwenye Linux mifumo ya kawaida ni ext4 na XFS. Kwenye Windows ni NTFS. Yote mitatu ilitengenezwa kwa mfumo mmoja unaomiliki diski peke yake.

Kwa kuwa kusoma diski kila mara ni kazi ya polepole, mgeni huchukua nakala ya ramani na kuiweka kwenye kumbukumbu yake ya muda, kisha anaitumia hiyo. Hata anachoandika hakiendi kwenye diski papo hapo. Kwenye Linux, kwa mpangilio wa kawaida, maandishi yanaweza kusubiri kwenye kumbukumbu kwa takriban nusu dakika kabla ya kusukumwa diskini. Kwa mmiliki mmoja, huo ni ujanja mzuri unaoongeza kasi.

Wakiwa wawili, mambo yanaharibika kimya kimya. Mfumo wa eksirei unaona kipande namba 40 ni wazi na kuandika picha ya mzee. Mfumo wa wagonjwa, kwa nakala yake ya asubuhi, nao unaona kipande hicho hicho ni wazi na kuandika juu yake. Hakuna kengele inayolia, kwa sababu hakuna aliyevunja kanuni. Baadaye kila mmoja anarudisha ramani yake diskini, na wa mwisho kuandika anafuta alama za mwenzake. Ndiyo maana uharibifu huonekana baada ya siku kadhaa: si mpaka ramani zimetofautiana vya kutosha ndipo mtu anagundua.

Mbona programu ilikubali?

Kwa kawaida haikubali. VirtualBox hukataa kuwasha mgeni wa pili ikiwa diski ya kawaida tayari inatumiwa na mgeni wa kwanza. VMware huweka kufuli kwenye faili la diski. QEMU, programu inayofanya kazi pamoja na KVM, iliongezewa kufuli la namna hiyo katika toleo 2.10 la mwaka 2017. Fundi akijaribu, anapata ujumbe wa kukataliwa.

Tatizo ni kinachofuata. Fundi anatafuta ujumbe huo kwenye intaneti na kukuta kwamba ipo swichi ya kuondoa kufuli. VirtualBox ina alama ya diski ya kushirikiwa, VMware ina mpangilio wa waandishi wengi, QEMU nayo ina wake. Swichi hizi zipo kwa sababu halali, tutaziona mbele. Ila haziongezi usalama wowote. Zinachofanya ni kumwambia mwenyeji: niache, najua ninachofanya. Kufuli limeondoka na ramani bado ni mbili.

Kuna pia milango ambayo kufuli huenda lisiilinde. Mojawapo ni pale seva mbili tofauti zinapofikia hifadhi moja kupitia mtandao, kila seva ikiwa na mgeni wake. Kufuli la seva ya kwanza huenda lisionekane na ya pili. Mwingine, ambao watu wengi hawaufikirii, ni mwenyeji mwenyewe. Fundi anataka kunakili faili moja haraka kutoka kwa mgeni, basi anaifungua diski ya mgeni akiwa kwenye seva, huku mgeni bado amewashwa. Hapo mwenyeji naye amekuwa ofisa wa pili mwenye ramani yake.

Ubaya unaongezeka kama diski ya mgeni ni ya aina ya qcow2, inayopendwa sana kwa KVM kwa sababu faili lake hukua kadiri linavyojaa. Aina hiyo ina ramani yake ya ndani, tofauti na ile ya mfumo wa mafaili, na hiyo nayo huwekwa kwenye kumbukumbu. Wakiandika wawili, zinaharibika ramani zote, ya ndani na ya nje.

"Mimi nasoma tu"

Utetezi wa kwanza wa fundi huwa huu: mgeni wa pili nilimpa ruhusa ya kusoma tu, hakuandika chochote. Utetezi huo una mashimo mawili.

La kwanza ni kwamba msomaji naye ana nakala ya ramani. Mwandishi akihamisha faili, msomaji haambiwi. Ataenda mahali palipoandikwa kwenye ramani yake na kukuta vipande vya kitu kingine. Diski haijaharibika, lakini daktari anasoma takataka, au mbaya zaidi, anasoma kitu kinachoonekana sahihi ilhali ni cha jana.

La pili linawashangaza hata wazoefu. Mifumo kama ext4 huwa na daftari la mabadiliko yanayoendelea, ili umeme ukikatika kazi iliyoachwa katikati ikamilishwe baadaye. Mgeni anapofungua diski na kukuta daftari hilo liko wazi, anadhani umeme ulikatika, na analikamilisha. Analikamilisha hata kama umemwambia afungue kwa kusoma tu. Yaani ameandika kwenye diski iliyo hai mkononi mwa mwenzake. Kwa hiyo kama kweli unataka mgeni asiandike, mzuie kwenye upande wa mwenyeji, ili diski yenyewe ikatae maandishi yoyote. Huenda mgeni akagoma kuifungua, na kugoma huko ni jibu sahihi.

Kusoma tu kunafaa sana, lakini pale tu ambapo hakuna anayeandika kabisa. Mfano mzuri ni maktaba ya shule isiyohitaji intaneti. Programu ya Kiwix huwezesha Wikipedia na vitabu vingine kusomwa bila mtandao, kwa kutumia mafaili makubwa ambayo hayabadiliki baada ya kupakuliwa. Shule ya Kasulu yenye seva moja inaweza kuweka mafaili hayo kwenye diski moja, kuifunga isiandikwe, na kuwapa wageni hata watano waisome. Hakuna ramani inayobadilika, hivyo hakuna ugomvi. Siku ya kuongeza vitabu vipya, wageni wote wanazimwa kwanza.

Mmoja amiliki, wengine waombe

Njia iliyo salama kwa ofisi nyingi ni ya kizamani na haina mbwembwe. Diski inamilikiwa na mgeni mmoja tu. Wengine wakitaka faili wanamwomba yeye kupitia mtandao wa ndani ya seva. Ni sawa na kurudisha ofisa mmoja wa ardhi na kuwaambia wote wapange foleni dirishani kwake.

Zana za kazi hii zipo miaka mingi. Kampuni ya Sun Microsystems ilitengeneza NFS katikati ya miaka ya 1980, na ndiyo inayotumika sana kati ya mifumo ya Linux. Kwa Windows ipo SMB, na programu ya bure ya Samba, iliyoanzishwa na Mwaustralia Andrew Tridgell mwanzoni mwa miaka ya 1990, inaifanya Linux izungumze lugha hiyo. Kwa wageni walio kwenye mwenyeji mmoja kuna njia ya mkato zaidi, folda ya pamoja: mwenyeji ndiye anayemiliki mafaili na kuwaonyesha wageni folda moja. VirtualBox inayo, na kwa KVM ipo virtiofs, iliyoingia kwenye Linux mwaka 2019.

Sisi watu wa redio tunaweza kuona faida yake haraka. Tuseme redio ina mgeni mmoja wa chumba cha habari, ambako waandishi wanahifadhi sauti walizohariri, na mgeni mwingine wa matangazo, anayezirusha hewani. Wote wanahitaji sauti zile zile. Ukiwapa diski moja kwa pamoja, siku moja taarifa ya saa saba itakatika katikati. Ukiwapa folda ya pamoja, mhariri akihifadhi sauti, mgeni wa matangazo anaiona. Unaweza pia kuamua kwamba mgeni wa matangazo asome tu, na safari hii kusoma tu kuna maana, kwa sababu ramani ni moja na iko kwa mmiliki.

Ipo kasoro. Kupita dirishani ni polepole kidogo kuliko kushika diski mwenyewe, na mmiliki akizimika wote wanakosa mafaili. Kwa maoni yangu ni gharama ndogo. Polepole inaonekana na inavumilika. Uharibifu wa kimya hauonekani mpaka umechelewa.

Jambo moja lisichanganywe: mafaili ya hifadhidata hayawekwi kwenye folda ya pamoja ili mifumo miwili iyafungue. Waundaji wa SQLite, kwa mfano, wanaonya kuhusu kutumia hifadhidata yao juu ya mafaili ya mtandao, kwa kuwa kufuli za mafaili huko haziaminiki kila mahali. Kama mfumo wa wagonjwa na wa stoo ya dawa vinahitaji taarifa moja, viulize programu ya hifadhidata, kama PostgreSQL au MySQL, iliyo kwa mgeni mmoja. Programu hiyo kazi yake hasa ni kuwapanga wengi wasigongane.

Kwa zile swichi za kuondoa kufuli, sababu yake halali ni mifumo ya mafaili iliyotengenezwa tangu mwanzo kwa waandishi wengi. Kwenye Linux ipo GFS2 na OCFS2, zote mbili ziliingia kwenye kiini cha Linux mwaka 2006. Humo wageni wanazungumza wao kwa wao kabla ya kugusa kipande chochote. Lakini mazungumzo hayo yakikatika, kila mmoja anaweza kudhani mwenzake amekufa na kuanza kuandika peke yake, basi lazima uwepo utaratibu wa kumzima kwa nguvu asiyejibu. Utaratibu huo wenyewe una jina la utani la kikatili kwa Kiingereza, linalomaanisha kumpiga risasi ya kichwa mwenzako. Unahitaji seva zaidi ya moja, mtandao imara na mtu wa kuusimamia kila siku. Kwa benki kubwa ni sawa. Kwa ofisi ya wilaya yenye seva moja, atakayekuuzia mfumo huo muulize atakuwa wapi utakapogoma usiku.

Umeme wa kupanda na kushuka

Watu wa Kibondo na Kasulu wamekaa miaka mingi wakitegemea jenereta za dizeli kabla ya kufikiwa na gridi ya taifa, na mvua za nyanda hizi huja na radi. Kwa seva yenye wageni, umeme kukatika ghafla ni jambo zito kuliko kwa kompyuta ya kawaida, kwa sababu maandishi yanayosubiri kwenye kumbukumbu ni ya wageni wote kwa pamoja.

Mgeni anapotaka uhakika, humwambia mwenyeji: sukuma kila kitu diskini sasa, uniambie ukimaliza. Programu ya hifadhidata hufanya hivyo kila inapokamilisha kazi muhimu. Mwenyeji mwaminifu anatii. Lakini upo mpangilio kwenye QEMU unaomwambia mwenyeji apuuze ombi hilo na kujibu "nimemaliza" papo hapo. Seva inakimbia sana, na baadhi ya mafundi wanauweka ili mteja asifie kasi. Jina la mpangilio huo kwa Kiingereza linasema wazi kwamba si salama. Kwenye seva ya hospitali hauna nafasi.

UPS nayo haitoshi kama imechomekwa tu ukutani. Ina waya wa taarifa unaounganishwa na seva, ili betri ikikaribia kuisha seva ijizime kwa utaratibu. Mpangilio unaofaa ni wageni wanaotumia mafaili kuzimwa kwanza, kisha mgeni anayemiliki mafaili, mwenyeji awe wa mwisho. Kuwasha ni kinyume chake: mmiliki wa mafaili aamke kwanza, maana mgeni anayeamka na kukuta folda ya pamoja haipo anaweza kuanza kuandika kwenye diski yake ndogo ya ndani, na mafaili hayo utayatafuta wiki nzima.

Ahadi kuliko sanduku

Kugawana diski kuna hatari nyingine isiyohusu ramani. Fikiria kikundi cha kuweka na kukopa chenye shilingi milioni 1 sandukuni, na wanachama 4 walioahidiwa mkopo wa laki 4 kila mmoja. Wakikopa kwa zamu, mambo yanakwenda. Wakija wote siku moja, wa mwisho anakuta sanduku tupu.

Haipavaiza nyingi zinaruhusu ahadi za namna hiyo. Diski ya gigabaiti 1000 inaweza kuahidiwa kwa wageni wanne, gigabaiti 400 kwa kila mmoja, kwa kutegemea kwamba hawatazijaza. Kila mgeni akijitazama anaona nafasi tele. Diski halisi inapojaa, KVM kwa kawaida humsimamisha mgeni anayejaribu kuandika, na mapokezi yanaganda bila maelezo. Kuahidi kupita kiasi si kosa lenyewe, lakini basi anayeangalia nafasi aangalie upande wa mwenyeji, si ndani ya mgeni. Picha za hali, ambazo fundi huzipiga kabla ya kubadilisha mfumo ili aweze kurudi nyuma, nazo hula nafasi hiyo hiyo kadiri siku zinavyopita. Zikisahaulika miezi sita zinaweza kuijaza diski zenyewe. Wala si nakala rudufu: zinakaa kwenye diski ile ile, ikifa zinakufa nayo.

Nakala rudufu ya kweli iko kwenye kifaa kingine, na mojawapo ya nakala iko kwenye jengo jingine. Ichukuliwe pia kwa njia ya mmiliki wa mafaili. Kunakili faili la diski ya mgeni aliyewashwa, kwa amri ya kawaida ya kunakili, kunatoa picha iliyopigwa mtu akiwa anatembea: mguu wa sasa, kichwa cha dakika tano zilizopita.

Siri za wagonjwa

Usalama una upande wa pili, faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na anayezihifadhi ana wajibu wa kuzilinda. Folda ya pamoja iliyofunguliwa kwa wageni wote kwa ajili ya urahisi inaweza kumpa karani wa stoo majalada ambayo hayamhusu. Kila mgeni apewe folda anayoihitaji tu.

Sehemu ya diski inayochukuliwa kutoka kwa mgeni mmoja na kupewa mwingine nayo ifutwe kweli kweli kwanza. Kufuta faili kwa kawaida huondoa alama kwenye ramani, maandishi yanabaki pale pale mpaka yaandikwe juu. Mgeni mpya mwenye udadisi anaweza kuyasoma.

Kama imeshatokea

Dalili ni mafaili yanayofunguka nusu, majina yenye herufi za ajabu, mgeni mmoja kuona faili ambalo mwenzake halioni, au ujumbe kwamba mfumo wa mafaili umejifunga na kubaki wa kusoma tu. Kufikia hapo, kila dakika ya kuendelea kuandika inaongeza hasara.

Wageni wote wanaoigusa diski hiyo wazimwe, si mmoja. Kama umegundua kwamba diski iko kwa wawili, usikimbilie programu ya kurekebisha ndani ya mgeni mmoja huku wa pili bado amewashwa. Hiyo ni kuchora ramani ya tatu. Iondoe diski kwa mgeni wa pili kwenye mpangilio, usimwamini mtu kukumbuka. Kisha nakili diski yote, kipande kwa kipande, kwenye diski nyingine, na majaribio yote ya kurekebisha yafanyike kwenye nakala hiyo. Programu ya kurekebisha huamua kiwanja namba 40 ni cha nani, na mara nyingine huamua vibaya. Ukiwa na ya asili kando unaweza kujaribu tena.

Baada ya hapo linganisha kilichopona na nakala rudufu ya mwisho iliyochukuliwa kabla ya siku diski ilipounganishwa mara mbili. Nakala za baada ya siku hiyo zichukuliwe kuwa na mashaka hata zikifunguka vizuri. Siku zinazobaki bila nakala zitajazwa kwa mkono kutoka kwenye vitabu vya MTUHA, mstari kwa mstari, na kwa kituo chenye foleni ndefu hiyo ni kazi ya wiki kadhaa kwa watu wawili, mmoja akisoma na mwingine akiandika.